Abiria wa Mlango wa Kushoto

Ufunguo ulikuwa kwenye msumari karibu na kabati la vyombo, mahali unapokaa siku zote, na bado pampu ya mafuta ya ile pikapu ilikuwa inavuma huko nje uani. Fundi Ildefonsi Ndunguru aliisikia akiwa ameshika kikombe cha chai. Ilikuwa asubuhi ya Julai, Mbinga, ukungu umekalia mibuni, baridi ya kuuma masikio, na ndani ya ule ukungu kitu kinavuma sekunde mbili, kinanyamaza, kisha kinavuma tena.

Wewe usiyejua magari ngoja nikueleze, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mtu mzima aliiacha chai yake ikapoa. Pikapu ile ni ya zamani lakini si ya kabureta. Pampu yake ni ya umeme, imezamishwa ndani ya tangi la petroli, kule nyuma chini ya bodi. Ukiwasha swichi, kabla hujapiga stata, unaisikia inavuma kidogo ikisukuma mafuta kwenda mbele. Usipogusa swichi haina ruhusa ya kuvuma. Na kwa habari ya kusikiliza pampu, Ildefonsi ndiye alikuwa mwenyewe Mbinga nzima. Watu walimpigia simu wakiwa wamekwama vijijini, wanaiweka simu karibu na tangi, naye anawaambia hiyo imekufa, hiyo bado inapumua, hiyo inameza uchafu. Sikio lake lilikuwa sifa yake, na tuseme ukweli, alijisifu nalo kupita kiasi.

Alitoka, akafungua boneti, akachomoa rilei ya pampu, kile kisanduku kidogo kinachoipitishia umeme, akamwambia mkewe Violet kwamba rilei imeng'ang'ania, ni jambo dogo. Kesho yake asubuhi rilei ilikuwa mfukoni mwa ovaroli lake, na pampu ikavuma. Akafungua nyaya za betri. Siku ya tatu betri ilikuwa juu ya meza ya karakana, hatua kumi kutoka kwenye gari, na pampu ikavuma, tena safari hii haikuishia sekunde mbili. Ilivuma muda mrefu, ikipanda na kushuka, kama mtu mzima anayeguna kwa kusubirishwa. Alipofungua mlango wa kushoto achungulie, ndani mlinuka ugoro.

Hakuna mtu anayenusa ugoro katika nyumba ile. Aliyekuwa ananusa ni mama mkwe wake, Mama Edina, na Mama Edina alikuwa amezikwa Kihagara, kwao ziwani, wiki tatu zilizopita. Ildefonsi aliufunga mlango polepole, akaegemea bodi, na kilichompanda kifuani kabla ya hofu kilikuwa aibu, kwa sababu kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Ildefonsi ni Mmatengo, Mkatoliki wa huku juu kwenye kahawa. Violet ni Mnyasa wa Kihagara, Mwanglikana. Nyumbani wanaongea Kiswahili ili asibaki mtu nje. Na katika ukoo wa Violet ukwe unaheshimiwa kwelikweli: miaka kumi na tisa ya ndoa, Ildefonsi hakuwahi kuongea na mama mkwe moja kwa moja. Akitaka kujua kama mama amekula, anamwuliza Violet, Violet anamwuliza mama, ilhali wote watatu wamekaa kwenye kiti kimoja cha pikapu, Ildefonsi kwenye usukani, Violet katikati, mama mlango wa kushoto. Mama Edina alikuwa na kasoro moja tu akiwa garini. Hakujua kufunga mlango. Aliuachia taratibu kwa kuogopa kuuvunja, ukabaki umeegama, na kila safari Ildefonsi alishuka, akazunguka, akaufunga upya bila kumtazama usoni.

Mama alipofariki huku juu, alikokuja kutibiwa, ndugu wa Kihagara walitaka kutuma gari lao. Ildefonsi akakataa. Alisema kwenye simu, Violet akiwa hapohapo anasikia, kwamba mama atashushwa na mkwe wake na gari la fundi halilali njiani. Akaongeza kwamba ameweka pampu mpya. Uongo mtupu. Pampu ilikuwa kuukuu, ameing'oa kwenye gari dogo lililokufa zamani, akaisugua mpaka ikang'aa. Ikiwa baridi ilifanya kazi. Ikipata joto, ukizima injini, haiamki tena mpaka ipoe, au uingie chini ulikung'ute tangi kwa mpini wa nyundo ndipo ishtuke. Yote hayo aliyajua, ila ilikuwa lazima aonekane mwanamume mbele ya wakwe.

Sasa, ukoo ule una desturi ya kumvusha marehemu. Kwenye kila mto gari linasimama kabla ya daraja, injini inazimwa kabisa ili marehemu asikie, na mkubwa wa ukoo anaweka mkono juu ya jeneza, anamwita kwa jina, anamwambia huu ni mto fulani na tunavuka pamoja. Asipoambiwa anabaki, hajui njia. Mkubwa wa ukoo ni Mjomba Cuthbert, kaka wa marehemu, mzee wa miaka themanini na kitu, ambaye amewavusha wafu wao tangu ana meno yote. Waombolezaji wengine walitangulia kwa basi la kukodi. Kwenye pikapu walikuwa yeye na Ildefonsi tu, na jeneza nyuma.

Mto wa kwanza injini ilizimwa, maneno yakasemwa, gari likawaka. Mto wa pili lilisumbua kidogo. Wa tatu stata ilizungusha na kuzungusha bila moto kushika, na Ildefonsi akajifanya anakagua tairi, akajipenyeza chini, akalikung'uta tangi mara nne, likawaka. Mjomba alimtazama, na fundi akasikia uso unachoma. Kuanzia pale barabara inateremka kwenda ziwani, joto linaongezeka, na mbele ulibaki mto mmoja, Lukali. Mjomba hakuwa amelala siku mbili. Kabla ya kusinzia alimwomba, "Mkwe, tukifika Lukali niamshe."

Hakumwamsha. Alivuka daraja kwa gia ya pili, polepole, ili mbao zisipige kelele, akiwaza kitu kimoja tu, kwamba gari likizima hapa wakwe zake wataitwa waje kulisukuma na mama yao yumo ndani. Mzee alipozinduka ziwa lilikuwa linaonekana. Akauliza kwa wasiwasi kama Lukali wameshapita, na kama yeye alisema. Ildefonsi akajibu bila kugeuza shingo, "Ulisema, Mjomba. Uliamka, ukasema vizuri, ukalala tena." Mzee akamshukuru. Akamshukuru mara mbili, na shukrani hizo ndizo zilizokuja kumtafuna fundi kuliko hata uongo wenyewe.

Basi ndiyo hivyo. Sasa pampu inavuma bila betri na gari linanuka ugoro, na Ildefonsi anajua ni kwa nini, na hasemi.

Ajabu ni kwamba gari lenyewe lilikuwa linawaka kuliko wakati wowote. Likiwa baridi, likiwa na moto, kugusa tu. Lakini wiki ile aliitwa Kihagara kutengeneza mashine ya kusaga, na gari likazima Lukali, matairi ya mbele yakiwa yamegusa ubao wa kwanza wa daraja. Alifanya yote anayowafundisha wengine. Betri nzima. Stata inazungusha kwa nguvu. Akachomoa plagi, akaiona cheche, ya buluu, safi kabisa. Fyuzi nzima. Akalegeza mpira wa mafuta kwenye filta, akawasha swichi, pakavu, hata tone. Tangi limejaa na petroli haifiki mbele. Alilikung'uta tangi mpaka mpini ukapasuka. Mwishowe wapita njia wawili walimsaidia kuligeuza, na lilipoelekea Mbinga likawaka kwa kugusa. Alipokaa kwenye usukani aone njia ya kurudi, kiti cha kushoto kilikuwa kimelowa. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na kitambaa kilikuwa kimelowa chapa ya mtu aliyekaa, mapaja na mgongo, na maji yalikuwa yanachuruzika kwenye ukingo wa kiti taratibu.

Akarudi hadi Mbinga ameshika usukani kwa mikono miwili, bila kutazama kushoto.

Alipofika, jioni hiyohiyo, alifanya alichokuwa anakikwepa. Alifunga lango la karakana, akafungua kifuniko cha tangi, akaitoa pampu, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa imeungua. Nyaya zake zilikuwa zimeyeyuka na kuachana, na pale zilipoachana palishapata kutu. Akaiunga moja kwa moja kwenye betri, haikutikisika. Alikaa anaitazama. Kutu ile haikuwa ya leo wala ya jana. Pampu ile ilikufa siku ya msiba, pengine palepale mto wa tatu, chini ya mpini wake mwenyewe. Kwa hiyo si yeye aliyeiamsha siku ile, na hajui mafuta yamekuwa yakisukumwa na nani tangu hapo.

Wakati bado anahesabu hayo kichwani, huku ukungu unaingia kwa chini ya lango na mikono yake inanuka petroli, alisikia mvumo ukianza, si mezani ilipo pampu bali garini, ndani ya tangi lililo wazi na lisilo na pampu, mvumo ule ule wa kupanda na kushuka ambao sikio lake lilikuwa limejisifu kuujua, na kadiri alivyousikiliza ndivyo ulivyozidi kuacha kuwa wa chuma na kuwa wa koo, ukikohoa kikohozi kidogo cha mnusa ugoro, ukivuta pumzi, mpaka ukaja ukawa sauti ya mwanamke mzee anayeuliza kwa upole, kwa aibu kidogo, kama anayejua kwamba hapaswi kuongea na anayeongea naye:

"Mkwe, hapa ni wapi?"

Ildefonsi hakujibu. Aliinamisha macho, mtu mzima amesimama anainamia tundu la tangi, kwa sababu miguu na shingo yake vilishazoea kumheshimu mama yule hata pale akili ilipokuwa imekimbia. Akairudisha pampu iliyokufa mahali pake, akafunga kifuniko, na alipogusa ufunguo gari likawaka. Ndani ya nyumba alimwambia Violet kwamba ni uchafu tu ulikuwa umeziba.

Violet hakuwa na habari na uchafu. Alikuwa ametoka kuongea na Kihagara kwenye simu na macho yamemvimba. Ndugu watatu, kwa siku tofauti, wamemwota mama amesimama ng'ambo ya mto, nguo zimelowa, anauliza njia. Na wote wameshaamua kosa ni la nani. Mjomba Cuthbert amechoka akili, wanasema, alimruka dada yake. Mzee mwenyewe alikiri kwamba anakumbuka mito mitatu tu, wa nne haumo kichwani mwake. Lakini, akaongeza mzee, mkwe alimwambia kwamba alisema, naye mkwe hawezi kumdanganya, kwa hiyo lazima ni kweli kichwa kimeanza kufuta mambo. Ameacha kwenda kanisani peke yake akihofia kupotea njia. Siku ya arobaini watamvua ile kazi ya kuvusha, apewe mtu mwingine. Violet akasema, "Baba Glorious, mimi namhurumia Mjomba, lakini kwa nini alimwacha mama yangu mtoni?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alifungua mdomo. Akasema maji ya kuoga yamechemka.

Siku mbili baadaye akaenda Kingerikiti kwa Bibi Notburga, mama mmoja mkulima, Mkatoliki wa kila Jumapili, ambaye watu humwendea kimyakimya mambo ya majini yanapowashinda. Bibi hakulisogelea gari. Alisimama mlangoni kwake na kinu cha mahindi katikati yao, akaanza kuuliza. Lilianza lini? Linakataa likiwa baridi au likiwa na moto? Linazimia popote au mahali pamoja? Nani alikuwa ndani mara ya mwisho lilipokuwa zima? Ildefonsi akasikia vibaya, maana ndiyo maswali yake mwenyewe, anayowauliza wateja huku amejishika kiuno. Aliyajibu yote isipokuwa la mwisho.

Bibi Notburga akautazama mlango wa kushoto. Kisha akasema, "Fundi, hili gari halina jini. Lina abiria, na dereva wake anamwogopa."

Ildefonsi aliuliza kwa haraka kama inatakiwa kuku, au mbuzi, hata ng'ombe atatafuta. Alikuwa tayari kutoa chochote mradi asitoe maneno. Bibi akamjibu kwamba mbuzi hajamdanganya mtu. Kisha, kana kwamba alikuwemo garini siku ile, akamwambia gari lirudi pale liliporuka, injini izimwe, na aseme yule aliyenyimwa kusema. Lakini kabla hajasema aambiwe ukweli, tena mbele ya walewale waliomwona hana akili. Ikisemwa nusu, abiria atashuka nusu, na bibi akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hiyo nusu nyingine hangependa alale nayo nyumba moja.

Asubuhi ya siku ya arobaini waliondoka Mbinga, Ildefonsi na Violet. Alikuwa amepiga simu Kihagara akiomba ndugu wawasubiri Lukali, bila kueleza. Violet alipopanda, akakaa katikati. Mlango wa kushoto hakuugusa, alipandia upande wa dereva, na kiti cha kushoto kikabaki kitupu, mtu anaweza kukaa. Ildefonsi alitaka kumwuliza kwa nini hasogei, kisha akaona bega la kushoto la mkewe limeanza kulowa na mwenyewe hajui, akatia gia. Mto wa kwanza alisimama, akazima, akawasha. Wa pili vilevile. Wa tatu. Gari liliwaka kila mara, na kila lilipozimwa mvumo ule uliendelea peke yake nyuma yao, na Violet akafikiri ni maji ya mto.

Lukali gari likazima lenyewe. Ndugu walikuwepo, kama kumi, wameketi kwenye majani kandokando ya daraja. Mjomba Cuthbert aliletwa ameshikwa mkono na mpwa wake Placidi, anavyoshikwa mtu asiyeaminiwa njia. Ildefonsi akashuka, akapiga goti. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mkwe wangu." Uso wa mzee ulifunguka. "Nilijua utakuja. Wewe ndiye shahidi wangu. Waambie hawa kwamba nilisema."

Ildefonsi alianza kwa kueleza pampu. Alieleza brashi za ndani zinavyoisha, joto linavyozifanya zigome, mafuta yakipungua tangini pampu inavyokosa kupozwa, na mteremko huu na jua hili. Alieleza vizuri, kama darasani, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojificha. Mvumo ndani ya tangi ukaanza kupanda. Watu wakageuza vichwa. Placidi alinyoosha mkono, akaonyesha ufunguo ulioko mkononi mwa fundi, kisha akaurudisha mkono wake haraka.

Mjomba Cuthbert akasema, "Mkwe, mimi pampu siijui. Niambie habari ya mtu."

Basi akasema. Alisema pampu ilikuwa kuukuu na aliwaambia ni mpya. Alisema alikataa gari lao kwa majivuno. Alisema mzee alimwomba amwamshe hapa, kwenye daraja hili, na hakumwamsha, kwa sababu aliona aibu gari kuzimika mbele za wakwe, na mzee alipouliza alimdanganya, na amewaacha siku arobaini wamwite mzee hana akili huku anasikia. Alisema yote hayo akitazama viatu vyake. Alitamani ziwa lipande mpaka pale limfunike.

Hakuna aliyefoka. Ingekuwa nafuu wangefoka. Violet alishuka akaenda kusimama upande wa ndugu zake, akampa mgongo. Mjomba Cuthbert machozi yalimshuka, na alichosema fundi anakisikia mpaka leo.

"Kwa hiyo akili yangu ni nzima."

Akautoa mkono wake kwenye mkono wa Placidi. Alitembea peke yake mpaka kwenye pikapu, akaweka kiganja juu ya bodi, pale lilipolala jeneza. "Edina," alisema. "Huu ni Lukali. Tunavuka pamoja. Nilichelewa kukwambia, dada yangu, nilikuwa nimelala." Mvumo ukashuka, ukashuka, ukawa pumzi, ukanyamaza. Yakabaki maji ya mto peke yake.

Ildefonsi akapiga stata. Injini ilizunguka kwa nguvu na haikuwaka, na sikio lake lilimwambia mara moja kwamba mle tangini sasa mna chuma kilichoungua, basi. Alishuka aanze kusukuma. Mjomba Cuthbert akamzuia kwa mkono mmoja. "Wewe kaa. Shika usukani. Sisi wakwe zako tutakusukuma."

Na wakamsukuma. Wazee, wamama wenye khanga za msiba, Placidi, mke wake mwenyewe, wote nyuma ya pikapu, wanahema, naye amekaa ndani peke yake kama mkubwa, tangu Lukali mpaka Kihagara. Watu walitoka kwenye mihogo wakasimama. Wanaoanika dagaa wa usipa ufukweni waliacha vichanja vyao wakaja barabarani kutazama. Ile picha aliyoikimbia siku ya msiba ilikuja yote, na ndefu kuliko alivyoiwaza, na hakukuwa na pa kuweka uso.

Walipoliacha daraja nyuma hatua kama mia, harufu ya ugoro ikajaa garini, na kando yake, karibu kabisa, karibu kiasi cha kuhisi ubaridi wa nguo zilizolowa kwenye mkono wake wa kushoto, sauti ile ikauliza tena kwa upole ule ule. Ildefonsi akatazama mbele. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akamjibu mama mkwe wake.

"Hapa ni kwenye mihogo ya shule, mama."

Baadaye kidogo iliuliza tena, akajibu kwamba hapa ni njia panda ya kisimani. Ikauliza tena, akajibu kwamba hapa unaliona ziwa. Alijibu kwa sauti, akilia, na waliokuwa wanasukuma walimsikia anaongea na kiti kitupu, na hakuna aliyemwuliza anaongea na nani.

Penye njia inayokata kwenda makaburini gari likasimama. Hakushika breki. Watu kumi walisukuma na halikusogea hata kidole. Kisha mlango wa kushoto ukafunguka taratibu, kama unavyofunguliwa na mtu mwenye magoti mabovu, na gari likainuka kidogo upande ule, na mlango ukarudi kwa uangalifu, ukaegama bila kufunga.

Violet alikuja kutoka nyuma, akautazama ule mlango. Alikuwa hajamtazama mumewe tangu darajani, na hata sasa hakumtazama. "Mama ameshuka," alisema. "Nenda ukamfungie."

Ildefonsi akashuka, akazunguka gari macho yakiwa chini, mbele ya wakwe zake wote, akausukuma mlango kwa mikono miwili mpaka ukashika, na harufu ya ugoro ikampita begani ikielekea makaburini.